Sanduku la Barua la Papa Mwandishi

Ukimpa Papa Mwandishi karatasi, kwanza aliigeuza. Aliinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kama maneno ya mbele yanasomeka kwa nyuma, ndipo akaanza kuisoma. Alifanya hivyo hata kwa kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga. Nilimcheka miaka mingi kwa tabia hiyo, na sasa, hapa ninapoandika, mahali ambapo sitapataja, najikuta nami nageuza karatasi huku nikitazama mlango.

Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua. Tulikodi pamoja chumba kimoja Makiso, si mbali na bandari ya mto, tukakigawa kwa pazia. Upande wake kulikuwa na meza, kiti chenye mto, printa na kompyuta kubwa ya mezani iliyonguruma ikiwashwa. Upande wangu kulikuwa na mashine ya fotokopi. Tulikaa hivyo miaka tisa. Mtaa mzima ulimwita Papa Mwandishi, na mimi aliniita Mama Fotokopi, hata mbele ya mume wangu, ambaye hakulipenda jina hilo hata kidogo.

Wateja wake walikuwa wa kila namna. Wavuvi wa Wagenia walikuja kumwandikia mtoto aliyeko Ulaya. Wafanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini walitaka Kifaransa chenye tai shingoni, cha kupeleka kwenye ofisi za serikali. Walimu wastaafu walikuja kudai pensheni kwa mara ya ishirini. Wengi wao hawakuwa na anwani ya barua pepe, na waliowahi kuwa nayo walishasahau neno la siri. Basi walitumia ya kwake. Anwani moja, sanduku moja, nusu ya mtaa ndani yake. Jibu likija kutoka mbali, lilianza kwa kusema ni la nani, naye alilichapa, akalikunja mara nne, akalitia kwenye bahasha, akaandika jina juu. Watu waliijua ile anwani kwa kichwa kama wanavyoijua sala. Hakuna aliyeona ni jambo la ajabu, mimi nikiwemo, na hilo ndilo linaloniuma.

Kompyuta ile ilikuwa na programu ya barua ya zamani, ambayo hakukubali mtu aiguse. Kila asubuhi programu ilikwenda mtandaoni, ikachukua barua zote zilizokuwa zikingoja, ikazileta ndani ya mashine na kuzifuta kule zilikotoka. Hivyo ndivyo alivyoipanga mwenyewe. Mimi barua zangu nilizisoma kwenye ukurasa wa intaneti, kwa simu, kama watu wengine wote, na kwa hilo aliniona mzembe.

Siku moja aliniuliza barua zangu ziko wapi. Nikamwambia ziko kwenye simu.

"Haziko kwa simu," akasema. "Simu inakuonyesha tu. Barua iko mbali, kwa nyumba ya mutu hujue jina yake. Yee iko na ufunguo, na weye uko nagonga mulango kila asubuhi. Bon, siku atakataa kufungua, utasoma nini?"

Nikamuuliza naye: je, moto ukishika chumba hiki? Mwizi akiibeba kompyuta? Mimi simu yangu ikiangukia mtoni, nitaazima ya jirani na barua zangu zote nitazikuta. Alikuna kidevu. Alikiri kwamba hilo ni kweli. Lakini mwizi wa kwake, alisema, lazima aje hapa kwa miguu, na watu watamwona. Mwizi wa kwangu anaweza kuwa ameketi nchi nyingine akinywa chai. Tulibishana hivyo miaka yote tisa na hakuna aliyemshinda mwenzake. Umeme ukikatika na mtandao ukilala, aliwasha betri yake ndogo, akafungua barua ya mwaka juzi na kuisoma bila kumwomba mtu, kisha akanitazama juu ya miwani. Nilikasirika kila mara.

Alikuwa na hofu ndogo ndogo zilizonichekesha. Alizuia picha zisifunguke ndani ya barua, kwa sababu aliwahi kuambiwa na mtu anayemwamini kwamba picha nyingine ikifunguka humpasha habari aliyeituma: umesoma, saa ngapi, uko mji gani. Kiambatanisho cha mtu asiyemjua hakukifungua hata mteja alie. Jioni alifunga mlango kwa kufuli mbili, akavuta kila moja mara tatu, akaenda hatua kumi, akarudi kuvuta tena. Vijana wa toleka, wabeba abiria waliomngoja na baiskeli zao barabarani, walikwisha kumzoea, hawakukanyaga pedali mpaka arudi mara ya pili.

Na mtu huyo huyo alisoma barua za watu kwa sauti ya mhubiri. Wazee wengi walikuwa wazito wa kusikia, naye aliwahurumia, kwa hiyo nikiwa upande wangu wa pazia nilijua nani ana mimba, nani amefukuzwa kazi, bwana gani ana mke wa pili kule Bunia. Nilipomwambia kwamba siri zote anazozilinda ndani ya mashine anazimwaga kwa mdomo, alinuna siku mbili. Siku ya tatu alileta redio, akaifungulia muziki kila alipoanza kusoma. Matokeo yake ni kwamba alizidi kupaza sauti ili aishinde redio.

Tena kompyuta yenyewe haikuwa na kufuli lolote. Ulibonyeza kitufe, ikafunguka kama sufuria. Nilimuuliza sababu, akanionyesha kufuli mbili za mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake: mlango ukiwa mzima, kila kilicho ndani ni kizima.

Mtu mmoja tu alisomewa kwa kunong'ona. Tumwite Mama Béa, kwa jina la binti yake, ingawa binti haitwi hivyo. Alitoka kijiji kimoja upande wa Masako. Mume wake alikuwa na daftari ambamo aliandika malori ya mbao yaliyotoka msituni bila kibali, na siku moja watu wakaja kumchukua pamoja na daftari lake. Hakurudi. Mama Béa alikuwa nyuma ya jiko, akaona nyuso zao. Alikuwa shahidi pekee. Wakili mmoja wa Kinshasa alikubali kuichukua kesi, na kwa kuwa mama huyo aliogopa kusema lolote kwa simu, barua zote kati yake na wakili zilipita kwa Papa Mwandishi.

Siku ya kwanza nilimsikia akisema, "Balimutwala mbele yangu, Papa. Sura yabo niko nazijua. Na bo banajua niko nazijua."

Papa Mwandishi alizima redio. Tangu siku hiyo, mama yule akiingia, aliniomba niwashe mashine yangu ya fotokopi hata kama sina kazi, ili kelele yake ifunike. Nilitoa nakala za karatasi tupu, moja baada ya nyingine. Sote watatu tulijua jambo moja: kesi ikisikilizwa, maneno ya mwanamke huyu yatamfunga mtu mkubwa, na kabla haijasikilizwa, atakayejua anakolala anaweza kuimaliza kesi kwa asubuhi moja.

Hapo ndipo yanapoingia makosa yangu. Nimeyabeba muda mrefu, acha niyaseme.

Papa Mwandishi aliugua malaria, na wiki hiyo hiyo umeme wa mtaa wetu ukakatika siku nne. Betri yake ilikufa siku ya kwanza. Mama Béa alikuja kila asubuhi kuuliza jibu la wakili, na kila asubuhi alikuwa amekonda zaidi, kwa sababu mahali alipojificha palikuwa pameanza kujulikana. Siku ya nne nilikwenda kwa Papa Mwandishi kitandani, nikamwomba neno la siri. Alilitaja polepole, akanifanya nilirudie mara tatu mpaka nilipolijua bila kuliandika.

Simu yangu ilikuwa imezimika. Nikaenda kwenye duka la intaneti la katikati ya mji, lenye jenereta, nikaketi mbele ya kompyuta ya watu wote, nikafungua ukurasa. Jibu lilikuwepo. Wakili alitaja nyumba ambayo Mama Béa ahamie, na jina la mwenye nyumba. Juu ya ukurasa kulitokea kijisanduku kikiuliza kama kihifadhi neno la siri. Mimi ni mtu wa kubonyeza ndiyo ili mambo yaende. Nikabonyeza ndiyo. Nilipomaliza tu kunakili lile jina, jenereta ikakohoa, na chumba kizima kikawa giza. Watu wakalalamika, mwenye duka akatuambia turudi kesho. Nikatoka na lile jina kwenye kiganja, nikampa Mama Béa, akahama usiku ule. Nilidhani kioo kikizimika, barua nayo imejifunga.

Kesho yake saa nne, nikiwa naweka karatasi kwenye mashine, nilikumbuka kile kijisanduku. Nilikimbia mpaka dukani, na kwenye ile kompyuta alikuwa ameketi mwanamume mwenye shati safi, akicheza karata. Nilingoja saa nzima nyuma yake. Alipoondoka nilifunga kila kitu, nikafuta nilichojua kufuta. Sikumwambia Papa Mwandishi. Nilijiambia kwamba nitamwambia akipona, na alipopona nilijiambia kwamba nitamwambia ikitokea shida.

Shida ilitokea siku ya kumi na moja tangu niende duka lile. Watu watatu waliingia asubuhi, wateja wakiwepo. Hawakuvaa sare, hawakupiga kelele. Mmoja alimwomba Papa Mwandishi samahani, akamsogeza kando na kiti chake, wakachomoa nyaya na kuibeba kompyuta. Yule aliyeomba samahani alinunua kwangu nakala moja ya kitambulisho chake, akaficha jina kwa kidole gumba nilipoinakili. Sijui kwa nini alifanya hivyo. Nadhani alitaka tu tuogope, na kwa upande wangu alifaulu.

Mchana huo huo tulimpelekea Mama Béa neno moja tu kwa mdomo, ahame, kupitia mama mmoja muuza samaki. Alihama kabla ya jioni, wala hakusema aendako. Tulifurahi kwamba hakusema. Papa Mwandishi alifunga upande wake wa pazia na hakuandika tena barua ya mtu. Miguu ilianza kumvimba, akaenda kuishi kwa binti yake, mtaa wa Mangobo. Wakili aliandika kwa njia nyingine kwamba kesi bado inangojewa.

Miaka miwili nilijua ni mimi. Niliamini yule mwanamume wa shati safi alikuta sanduku limefunguliwa, akasoma, akajua mashine iko kwa nani. Barua za mtaa mzima zilichukuliwa kwa sababu ya kidole changu kimoja. Nilipopita mbele ya duka lile nilivuka barabara. Na sanduku lenyewe sikuthubutu kulifungua hata kwa simu yangu, nilihisi nikiligusa tu watajua nilipo.

Mwezi uliopita binti yake alinipigia, akasema mzee ananiita.

Nilimkuta ameketi ukumbini, miguu juu ya stuli, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kama zamani. Alikuwa amepungua sana. Alimtuma binti yake dukani, akangoja lango lifungwe. Kisha akaniambia kwamba ana jambo analotaka kulitoa kabla hajafa: yeye ndiye aliyemwuza Mama Béa.

"Vidole vyangu vilianza kutetemeka zamani," akasema. "Kuandika neno la siri kila asubuhi, nilishindwa. Donc niliambia machine ilishike yenyewe. Balibeba machine, na ufunguo iko ndani. Na barua zote za miaka, hazina hata kufuli. Mi nilikuwa nakufundisha weye, na mi ndiye niliacha mulango wazi."

Nikashindwa kujizuia, nikalia. Nikamweleza duka la intaneti, kijisanduku, jenereta, shati safi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Tulikuwa tumekaa miaka miwili, kila mmoja na hatia yake, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Alicheka kidogo, akanipa kitambaa chake, na nilipata nafuu ambayo sikuipata kwa padri.

Halafu uso wake ukabadilika. Aliniuliza, je, neno la siri nililibadilisha?

Nikasema hapana. Nikamuuliza, yeye je? Akasema hapana. Kwa akili yake, walipobeba mashine walibeba sanduku. Kilichobaki kule mtandaoni kilikuwa kitu kitupu, kilichokufa. Kwa akili yangu, kilikuwa kitu cha kutoguswa. Basi sanduku lilikaa wazi miaka miwili, na wenye mashine walikuwa na ufunguo wake.

"Fungua," akasema. "Sasa."

Nilifungua kwa simu yangu. Neno la siri lilikubaliwa. Ukurasa una mahali panapoonyesha ni lini mtu aliingia mara ya mwisho, jambo ambalo programu yake ya zamani haikuwahi kumwonyesha. Mtu alikuwa ameingia asubuhi ile. Na jana yake, na juzi, na kila wiki, kadiri orodha ilivyorudi nyuma.

Ndani ilibaki barua moja tu, ya siku tatu zilizopita. Mama Béa. Aliandika kwamba amechoka kutangatanga, sasa ana simu yake mwenyewe yenye intaneti, amerudi, yuko kwa shangazi yake kule Wagenia, nyuma ya majiko ya kukaushia samaki, na anaomba Papa amwambie kesi imefika wapi. Barua ambayo haijasomwa huonekana kwa herufi nzito. Hii ilikuwa kwa herufi nyembamba.

Nilimsomea Papa Mwandishi kwa kunong'ona. Aliposikia mahali, alifumba macho.

"Usimujibu," akasema. "Usiandike kintu, usipige simu. Enda weye mwenyewe, na miguu yako." Alijaribu kusimama anisindikize, akashindwa, akabaki ameshika meza. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona, na sijui kama bado yu hai.

Nilichukua pikipiki mpaka karibu na maporomoko ya mto, nikamlipa dereva aende, nikamalizia kwa miguu. Watoto walikuwa wakioga, wanaume wako kwenye mitego yao kati ya mawe. Nilimkuta Mama Béa mbele ya moto, akigeuza samaki, binti yake kando akichambua majani ya pondu. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliponiona alifuta mikono kwenye kitenge, akatabasamu kwa furaha ambayo sitaisahau.

"Dada yangu, alors ni weye Papa alituma," akasema. "Alinijibu jana. Aliniandikia nisitoke hapa, nimungoje mutu wake leo."

Nilimwambia Béa aache mboga na amshike mama yake. Mama Béa aliuliza kama ni lazima sasa hivi, kwa sababu samaki wataungua. Nikamshika mkono, tukapita nyuma ya majiko, tukainama chini ya nyavu zilizoanikwa. Nyuma yetu, barabarani, pikipiki ilisimama, na mtu akaanza kuwauliza majirani, kwa adabu kabisa, nyumba ya Mama Béa ni ipi.